Kusindikiza kwa Mkono wa Kushoto

Nilikuwa na miaka thelathini na minne, fundi cherehani mwenye kibanda karibu na stendi ya Kibondo, nilipoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba sijui kusikiliza. Aliyeniambia alikuwa mzee wa kambini, mkimbizi kutoka Bujumbura, mwembamba, kifua kinambana, na saksafoni yake ilikuwa ndani ya mfuko wa salfeti.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Jumanne sikuwa na wateja wengi, kwa hiyo nilikuwa naomba ufunguo wa kanisa nikapige dramu saa moja hivi kabla ya kufungua kibanda. Dramu zile zilikuwa zimekaa bila mpigaji tangu kijana aliyekuwa akizipiga alipoenda Kahama kutafuta maisha. Mimi nilikuwa naimba sauti ya pili kwenye kwaya. Siku moja mazoezi yalidorora, nikaweka kitabu chini, nikakaa kwenye kile kiti kidogo nikajaribu. Hakuna aliyenikataza. Baba tu, nilipomsimulia nilipokwenda kumsalimia shambani Kagerankanda, hakupendezwa. Baadaye akasema kwao Burundi, alikozaliwa, mwanamke hagusi ngoma. Nikamwambia hizi si zile za huko, hizi zinatoka dukani. Akasema ngoma ni ngoma. Hatukulizungumza tena.

Basi Jumanne hiyo nilikuwa napiga pambio, nikaona mtu ameketi benchi la mwisho na mfuko magotini. Nilipomaliza alinisalimia kwa Kirundi, nami nikaitika kwa Kiha chetu. Kutokana na kuitika kwangu tu akajua kwetu ni wapi. Aliniambia ametoka kambini kwa kibali, amekuja hospitali kuonyesha kifua, na foleni ilikuwa haijaanza kusogea. Alisikia dramu akafuata. Kisha akaniuliza kama najua kupiga jazi.

Nikasema najua. Nilidhani anasema dansi la zamani, lile la redio ya baba, nikampigia hilo kwa mbwembwe zote nilizokuwa nazo. Akacheka kidogo, kikohozi kikamkatisha.

"Si hiyo," alisema.

Akatoa saksafoni. Ilikuwa imefungwa vipande vya mpira wa tyubu sehemu tatu ili vifuniko visiachie. Akapuliza polepole wimbo ambao sikuwahi kuusikia, na sikujua hata mahali pa kuanza kuupigia. Ulikuwa kama mtu anayezungumza, anaanza sentensi, anaiacha, anairudia kwa njia nyingine. Alipofika mwisho alirudi mwanzo, lakini mara ya pili hakusema yale yale. Nilikaa na vijiti mkononi.

"Unapiga vizuri," aliniambia. "Lakini husikilizi. Unajipigia mwenyewe."

Iliniuma, na labda kwa sababu iliniuma nilimwambia aje tena.

Alikuwa anakuja kila alipopata kibali cha kliniki, mara mbili kwa mwezi, mwezi mwingine mara moja. Alianza na mkono wa kulia. Kwenye sahani kubwa ya shaba alinifundisha pigo moja tu, ting, ting-ki-ting, ting-ki-ting, lisilobadilika, mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Mguu wa kushoto ulikuwa wa kufunga zile sahani mbili ndogo kwenye pigo la pili na la nne. Hayo nilijifunza kwa mwezi mmoja. Mguu wa kulia, wa ngoma kubwa, ulinisumbua zaidi. Nilikuwa nimeshakanyaga cherehani miaka kumi na mitano, na mguu wangu ulikuwa unakwenda wenyewe.

"Mguu wako unashona," alisema. "Uguse tu. Niihisi ngoma, nisiisikie."

Mkono wa kushoto aliuacha mwisho. Huo, alisema, ndio kazi yenyewe. Mkono huo unakaa juu ya ngoma ndogo iliyo katikati ya magoti, na hauna pigo lake. Unasema neno pale tu mpuliza saksafoni anapohitaji neno. Kwa Kifaransa alilitaja jina la kazi hiyo, kisha akalitafuta kwa Kirundi, guherekeza, na kwa Kiswahili tukakubaliana ni kusindikiza.

"Mgeni akiondoka kwenu, mnafanyaje?" aliniuliza.

Nikasema tunatoka naye mpaka barabarani.

"Unatangulia mbele yake?"

"Hapana."

"Unamvuta shati?"

"Hapana, mzee."

"Unatembea naye. Akisema, unaitikia. Akinyamaza, unanyamaza, au unasema kidogo asijione yuko peke yake. Na hujui atasema nini. Ndiyo hiyo."

Ikisemwa hivyo, inaonekana ni kitu cha kila mtu. Sijawahi kushindwa na kitu kama nilivyoshindwa na hicho.

Mwanzoni nilikuwa najaza kila nafasi. Akivuta pumzi tu, mimi ta-ka-ta. Alisimamisha wimbo akaniambia, "Reka, acha. Mgeni amenyamaza apumue, wewe umeshamuuliza maswali matatu." Nikajizuia, nikawa nasubiri mpaka niwe na hakika, na pigo langu likawa linafika wakati yeye ameshapita. Halafu nikaanza kumwiga. Akipuliza vitu vitatu vifupi, nami naweka vitatu. Akasema hayo ameshayasema yeye, hahitaji kukumbushwa. Nikaona nitafute njia nyingine. Nikakaa kibandani juma zima nikipanga mapigo manne mazuri, nikayakariri kwa kugonga meza ya kukatia vitambaa, na Jumanne iliyofuata nikayapenyeza moja baada ya jingine.

Hakuacha kupuliza. Alipomaliza mzunguko mmoja wa wimbo alitoa mdomo kwenye saksafoni na kusema kwa upole, "Hayo umekuja nayo kutoka nyumbani."

Nililia siku hiyo, baada ya yeye kuondoka. Nilikuwa mtu mzima, nina kazi yangu, naheshimika mtaani, na nilikuwa nalia kanisani mchana kwa sababu ya mkono wa kushoto.

Kuhusu maisha yake alisema machache. Zamani walikuwa watano, wakipiga kwenye hoteli moja kando ya ziwa, Ijumaa na Jumamosi. Mpiga dramu wao alikuwa rafiki yake tangu shule. "Huyo alikuwa anajua nitakwenda wapi kabla sijavuta pumzi," alisema, akakaza mpira wa tyubu kwenye saksafoni, ambao ulikuwa umeshakazwa. Sikuuliza yuko wapi. Watu wa kwetu tunajua maswali ya kutouliza.

Miezi minane ilipita hivyo. Mwalimu wa kwaya aliona nimebadilika na hakufurahi. Jumapili moja mkono wa kulia ulijisahau ukaingia kwenye ting-ki-ting katikati ya pambio, na akina mama waliokuwa wakicheza mbele wakapotezana miguu. Aliniita pembeni akaniomba, kwa heshima, nipige kama zamani. Nikampigia kama zamani. Nikawa nina mikono miwili ya Jumapili na mingine miwili ya Jumanne, na ile ya Jumanne ilikuwa bado haijui kitu.

Kisha baba akaanguka shambani. Kaka yangu anayeishi Titye alinipigia simu akasema upande mmoja wa mwili haufanyi kazi na maneno hayatoki, wamempeleka hospitali ya misheni Kabanga, huko Kasulu. Nilifunga kibanda siku hiyo hiyo nikaenda Kasulu.

Mama alibaki nyumbani Kagerankanda, tukapokezana kumuuguza, mimi na wifi yangu, mke wa kaka. Yeye alikuwa anapika uji nje wanakopikia ndugu wa wagonjwa, mimi nakaa ndani. Wauguzi walikuwa wema na waliniambia ukweli mapema, kwamba kurudi alivyokuwa hatarudi. Baba alikuwa anatoa sauti. Nyingine zilikuwa za kuomba maji, hizo nilizitambua. Nyingine alizitoa kwa nguvu, akinitazama, anazirudia, na mimi nakisia: mto? dirisha? mama? Kila nikikosea anafumba macho. Mwishowe aliacha kujaribu, na nadhani kuacha kule kuliniumiza kuliko kuanguka kwenyewe.

Saa nyingi hakukuwa na la kufanya. Vidole vyangu vilikuwa vinagonga mapajani vyenyewe, kulia ting-ki-ting, kushoto kimoja kimoja. Alasiri moja niliinua macho nikakuta baba ananitazama mikono. Alinyoosha ule mkono wake mzima akauweka juu ya wangu. Niliacha kugonga. Sikujua kama ananikataza au ananishika tu, na hakukuwa na namna ya kumuuliza.

Juma la tano mzee alinipigia simu. Kambi ilikuwa inapungua, watu wanaandikishwa kurudi kwao, na kila mwezi kulikuwa na mabasi. Nilikuwa nalijua hilo, ila sikuwahi kumweka yeye kwenye basi. Sasa jina lake lilikuwa limetoka, aondoke Alhamisi. Jumatano alikuwa na kibali cha mwisho cha kuja kliniki kuchukua dawa za safari.

"Njoo tupige mara moja," alisema.

Nilimwambia baba yuko wodini. Akasema pole, na kwamba hilo ni kubwa kuliko muziki, nisije. Alilisema kwa moyo, wala hakunilaumu. Mimi ndiye niliyekaa na simu mkononi nikajiambia kwamba baba hajabadilika kwa siku tisa, kwamba Kibondo si mbali siku hizi barabara ni ya lami, kwamba nitaondoka asubuhi na kurudi kabla ya uji wa jioni. Wifi nilimwambia nakwenda kuona cherehani yangu, na kuna sare za shule za watu nimeziacha bila vifungo. Akaniambia nenda tu dada, mimi nipo.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba mpaka tulipopita nusu ya njia. Saa nne na nusu nilishuka stendi ya Kibondo, nikachukua ufunguo kwa mzee wa kanisa, nikamkuta mgeni wangu amekaa kwenye ngazi na mfuko wake wa salfeti. Alikuwa amekonda zaidi. Alipuliza akiwa ameketi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mizunguko miwili ya kwanza ilikuwa mibaya kama ya siku zote, na mibaya zaidi, kwa kuwa nilikuwa sijagusa dramu kwa zaidi ya mwezi. Nilikuwa nachelewa, najaza, naomba radhi kwa uso. Yeye hakusimama. Mzunguko wa tatu alianza kupanda na sentensi ndefu, na katikati pumzi yake ikamwishia. Niliisikia inakwisha kabla haijakwisha. Mkono wa kushoto ukaweka pigo moja, dogo, mahali ambapo yeye alikuwa anakwenda kutua. Sikulipanga. Akavuta pumzi, akalichukua lile pigo langu akaanzia hapo hapo, kama mtu aliyepewa mkono kuvuka mfereji. Nikanyamaza. Akasema kitu kifupi, nikaitikia kwa pigo jingine, akageuka akaenda upande ambao sikuutegemea, nami nilikuwa huko pamoja naye. Tulikwenda hivyo mzunguko mmoja na nusu. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilikuwa nafikiri nini, na nadhani sikuwa nafikiri chochote, wala baba sikumfikiria.

Kisha akaanza kukohoa na hakuweza kuendelea.

"Umesikia?" aliniuliza alipotulia.

"Nimesikia."

"Basi ni hiyo. Bado hujui. Lakini umesikia."

Aliniomba simu ili anirekodie wimbo mmoja wa kufanyia mazoezi. Nilipoitoa kwenye pochi, nilikokuwa nimeiweka kimya, nikakuta wifi amenipigia mara sita. Ya kwanza ilikuwa saa tano na dakika chache. Sisi tulianza kupiga kama saa tano kasorobo.

Nilimpigia, akapokea akilia. Alisema baba alikunywa uji vijiko viwili, akageuza uso ukutani, akaenda. Hakuteseka. Hakusema kitu, na angesemaje.

Mzee alielewa kabla sijamwambia. Aliirudisha saksafoni kwenye mfuko, akakaa benchi moja na mimi, akanipa pole kwa Kirundi, kwa yale maneno marefu ambayo watu wa umri wake bado wanayo na sisi hatunayo tena. Kisha, bila mimi kumwomba, alichukua simu yangu, akatoa tena saksafoni akapuliza ule wimbo mara moja, polepole, na kikohozi kikasikika katikati. Alinirudishia simu. Alisema angenisindikiza mpaka stendi, lakini gari la kambini lilikuwa linasubiri wagonjwa pale hospitali na lisingemngoja.

Tuliagana mlangoni. Sikumwona tena.

Tulimzika baba Kagerankanda, kwenye shamba alilofyeka na babu walipofika kutoka Burundi, katikati ya mihogo. Kwenye matanga wifi aliniuliza mbele ya watu kama zile sare zilikamilika. Nikasema zilikamilika. Akawaambia wenzake kwamba dada yetu ana roho ya kazi, hata baba akiwa mgonjwa hakuwaangusha watoto wa shule. Wale wanawake wakaitikia kwa huruma. Nilikaa pale kwenye mkeka, na jambo lile likaingia ndani likafunga mlango. Kaka yangu mpaka leo anaamini nilikuwa natia vifungo. Mama naye anaamini hivyo. Mama ndiye aliyenifanya nisirudi Kibondo, kwa kuwa hakuweza kubaki peke yake, na mimi ndiye nisiye na mume. Nilihamishia cherehani Kasulu mjini nikampangishia chumba jirani na changu.

Kanisa ninalosali Kasulu lina dramu nzuri kuliko za Kibondo. Waliposikia napiga walinipokea. Napiga Jumapili, moja kwa moja, kwa nguvu, watu wanacheza, na mwalimu wa kwaya hana malalamiko. Mwaka wa kwanza nilikuwa nakwenda Jumanne na kuiweka ile rekodi. Niliunganisha simu na spika, nikakaa, nikajaribu kumsindikiza. Nilikijua kila kikohozi. Nikapiga vizuri kuliko nilivyowahi kupiga mbele yake, kila pigo mahali pake, na ilichukua miezi kadhaa nikubali kwa nini yote hayo yalikuwa hayafai kitu. Yeye kwenye simu hakuwa ananisikia. Niweke pigo au nisiweke, alikwenda kule kule, akavuta pumzi pale pale. Nilikuwa nakwenda na mtu ambaye ameshafika.

Nilitafuta wa kupiga naye. Kuna kijana anapiga kinanda kanisani, ana kipaji, nikamweleza. Alijaribu mara mbili kwa adabu, kisha akaniuliza huu wimbo unaishia wapi na watu watapiga makofi saa ngapi. Anachopiga yeye kina jibu la maswali hayo, hiki hakina. Katika mji huu wote sijapata mtu anayekwenda mahali asipopajua kwa kupuliza au kwa kupiga kitu, na bila mtu huyo mkono wa kushoto hauna kazi. Mkono wa kulia unaweza kupiga peke yake mpaka jioni. Wa kushoto hauwezi. Nilikwenda Jumanne chache zaidi, kisha nikarudisha ufunguo.

Namba ya mzee haikupatikana tangu wiki ile ile aliyoondoka. Niliijaribu mpaka siku moja akapokea mtu mwingine, mwanamke, akanikasirikia.

Mwaka huu, baada ya mvua za kwanza, alikuja kibandani mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, huwa anavuka mpaka kwenda na kurudi. Alileta kitambaa nimshonee gauni. Katika maongezi ikatokea kwamba ndugu zake wanakaa mtaa mmoja na mzee mmoja aliyerudi kutoka kambi za Kibondo, mwembamba, anakohoa, zamani alikuwa mtu wa muziki. Nikamuuliza kama bado anapuliza. Akasema hapana, kifua hakimruhusu, ile tarumbeta yake aliichukua mjukuu, hajui kama aliiuza au vipi. Mzee anashinda barazani tu. Lakini anazungumza vizuri, na akisikia mtu anatoka Kasulu au Kibondo anamuuliza habari za fundi cherehani mmoja anayepiga dramu.

"Ni wewe?" aliniuliza.

Nikasema ni mimi.

"Anauliza kama unaendelea."

Nilikuwa nampima mabega. Niliandika kipimo kwenye daftari, nikashuka kifuani, nikaandika na hicho. Nikamwambia akirudi huko amwambie naendelea, na kwamba nimeanza kusikia vizuri zaidi. Aliahidi kumfikishia. Kisha akasema mikono anaitaka mirefu kidogo, kwa ajili ya baridi, na nikamgeuza ili nipime.